Kilo Zinapokataa Kuondoka: Sayansi ya Unene na Maisha Baada ya Upasuaji

Kilo kumi za mafuta zikitoka mwilini mwa mtu, zinakwenda wapi? Uliza swali hili ndani ya daladala na wengi watakujibu kwamba zinageuka joto, zinatoka na jasho, au zinaishia chooni. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu hiyo atomu kwa atomu. Walionyesha kwamba kati ya kilo hizo kumi, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi zikiwa hewa ya kaboni dioksidi, na kilo 1.6 zilizobaki hugeuka maji. Mapafu ndiyo mlango mkuu wa kutokea mafuta.

Hesabu hii inatupa msingi wa kusimamia. Mafuta hayakamuliwi na mkanda wa kiunoni, wala hayasafishwi na chai ya majani. Yanatoka pale tu yanapounguzwa kwa oksijeni ndani ya seli, na seli huyaunguza mwili unapohitaji nishati nyingi kuliko iliyoingia kwa chakula. Juu ya kanuni hiyo hakuna ubishi. Kama mambo ni mepesi hivyo, basi, kwa nini watu wengi wanaojitahidi kwa dhati hupungua, kisha uzito ukarudi? Na upasuaji wa kupunguza uzito unabadilisha kitu gani mpaka mambo yakageuka? Twende hatua kwa hatua.

Akiba na mahali inapokaa

Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa takriban kalori 4, zile kalori zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Wanga mwili huutunza kidogo tu, kiasi cha nusu kilo hivi kwenye ini na misuli, akiba ambayo haivuki siku moja au mbili. Mafuta ndiyo akiba ya muda mrefu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini, pamoja na maji na tishu zinazoyashika, ina takriban kalori 7,700. Hata mtu mwembamba mwenye kilo kumi tu za mafuta hayo anatembea na chakula cha mwezi mzima.

Akiba hiyo ilivusha vizazi na vizazi katika ukame na njaa. Miili iliyojua kuiweka na kuilinda ndiyo iliyoishi ikazaa, na sisi ndio wajukuu wake. Tumerithi mwili unaoogopa kupungua kuliko unavyoogopa kuongezeka.

Mafuta hukaa ndani ya seli maalumu. Mwaka 2008 Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walipima umri wa seli hizo kwa kufuata kaboni ya mionzi iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya karne iliyopita. Waligundua kwamba kila mwaka takriban asilimia 10 ya seli za mafuta hufa na nyingine mpya kushika nafasi zake, na kwamba kwa mtu mzima idadi yake haipungui hata akipoteza kilo nyingi baada ya upasuaji. Seli husinyaa, lakini haziondoki. Tulishike jambo hili. Tutalihitaji tutakapofika kwenye kupona.

Unene uliopitiliza ni upi

Kipimo kinachotumika hospitalini ni uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Tumchukue mama wa mfano mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 115. Urefu wake, 1.60 mara 1.60, ni 2.56. Ukigawanya 115 kwa 2.56 unapata karibu 45. Shirika la Afya Duniani huita 25 kwenda juu uzito uliozidi, na 30 kwenda juu unene uliopitiliza. Kipimo hiki hakijui kutofautisha misuli na mafuta, wala mafuta ya nyonga na yale ya kitambi, ambayo yana madhara makubwa zaidi kwa sababu huzunguka ini na viungo vya ndani. Hata hivyo, kwa mtu mwenye 45 hakuna shaka kwamba mafuta yamezidi, na mara nyingi yameshaanza kusumbua magoti, pumzi ya usiku, sukari au presha.

Kwa takwimu za shirika hilohilo, mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa na unene uliopitiliza. Wote hawa hawawezi kuwa wamelegea nia kwa pamoja. Tabia ya kunenepa hurithiwa kwa sehemu kubwa, kama utafiti wa pacha ulivyoonyesha mara nyingi. Juu ya urithi huo yamekuja mafuta ya kupikia ya bei nafuu, soda kila kona, chipsi za usiku, bodaboda mpaka mlangoni, kazi za kukaa na usingizi uliokatwakatwa. Zipo pia dawa zinazonenepesha, zikiwamo insulini na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Anayemwambia mgonjwa "punguza kula tu" amezungumzia sehemu ndogo sana ya jambo hili.

Boya ndani ya ubongo

Kuanzia mwishoni mwa 1944, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alifanya jaribio na vijana 36 wenye afya waliojitolea. Kwa wiki 24 walilishwa nusu tu ya walichokizoea, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Miili yao ilijibu kwa nguvu: mapigo ya moyo yalipungua, walihisi baridi wakati wote, wakawa wachovu na wenye huzuni, na mawazo yao yote yakawa chakula. Waliota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi, wakalamba sahani. Waliporuhusiwa kula wapendavyo, walikula mno na bado wakasema hawajashiba. Hawa walikuwa vijana wembamba wasio na kasoro yoyote ya nia. Njaa ile ilikuwa kazi ya mwili ukidai akiba yake.

Mwili unajuaje kwamba akiba imepungua? Jibu lilianza kuonekana kwa panya wanene wa maabara ya Jackson katika jimbo la Maine. Douglas Coleman aliunganisha mishipa ya damu ya panya wawili wawili, akatambua kwamba kuna kitu ndani ya damu kinachozuia kula, na kwamba aina moja ya panya wale wanene haikuwa nacho. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipata jeni ya kitu hicho: homoni inayotengenezwa na seli za mafuta zenyewe, ambayo baadaye waliiita leptini. Seli zikijaa, leptini hupanda, zikisinyaa, hushuka. Ubongo huisoma kupitia sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, na inaposhuka hutafsiri kwamba njaa imeingia.

Nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa zina tangi la maji lenye boya ndani yake. Maji yakishuka, boya linashuka nayo na kufungua koki. Yakifika kimo kilichopangwa, linainuka na koki inafunga. Ukichota ndoo kumi, tangi litajaa tena taratibu mpaka kimo kilekile, kwa kuwa boya hukuligusa. Anayejinyima chakula anachota maji. Ubongo wake unafungua koki: njaa inapanda, na nishati inayounguzwa mwili ukiwa umetulia inashuka. Tatizo kubwa ni kwamba boya hili hupanda kwa urahisi na kushuka kwa shida. Uzito ukikaa juu kwa miaka, mwili huanza kuutetea uzito huo mpya kana kwamba ndio wa haki.

Ushahidi upo. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 waliopunguzwa uzito kwa chakula maalumu. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado juu na za kushiba bado chini. Mwaka 2016 Kevin Hall wa taasisi za taifa za afya za Marekani alitoa matokeo ya washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito. Miaka sita baada ya shindano, miili yao iliunguza takriban kalori 500 kwa siku chini ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao, na wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza.

Basi anayepungua kisha akaongezeka ameshindana na mfumo ambao hauchoki wala haulali. Anastahili msaada wa kitabibu, na anastahili kuusikiliza ushauri bila kutukanwa.

Taarifa zinazotoka tumboni

Leptini hueleza akiba ya muda mrefu. Zipo homoni nyingine zinazoeleza mlo wa sasa hivi. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani waligundua ghrelini, homoni ya njaa inayotengenezwa zaidi katika sehemu ya juu ya tumbo. Hupanda kabla ya chakula na kushuka baada ya kula. Upande wa pili, chakula kinapofika chini katika utumbo, seli za huko hutoa homoni za kushiba, maarufu zaidi ikiwa GLP-1. Hii huambia ubongo kwamba inatosha, hupunguza kasi ya tumbo kutoa chakula, na kuamsha kongosho litoe insulini sukari ya damu inapopanda.

Sindano mpya za kupunguza uzito, kama semaglutidi, zimejengwa kwa kuiga homoni hiyohiyo. Zinasaidia sana zinapotumika, na zikiachwa uzito mwingi hurudi, kwa sababu boya limeachiwa tena.

Kisu kinabadilisha nini

Miaka ya 1960 Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa aliona kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokatwa sehemu ya tumbo walibaki wembamba. Mwaka 1966 yeye na Chikashi Ito walifanya upasuaji wa kwanza wa mchepuo wa tumbo kwa ajili ya unene. Leo upasuaji wa aina mbili ndio unaofanywa zaidi, na mara nyingi hupitia matundu madogo, mgonjwa akiwa usingizini kwa dawa ya nusu kaputi.

Aina ya kwanza hukata na kuondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo kwa urefu wake. Tumbo la mtu mzima, linaloweza kuchukua lita moja au zaidi, linabaki mrija mwembamba wa mililita 100 hadi 150. Sehemu inayoondolewa ndiyo yenye seli nyingi za ghrelini. Aina ya pili ni mchepuo: daktari hutenga kimfuko cha takriban mililita 30 juu ya tumbo, kisha hukiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo.

Zamani iliaminika kwamba kazi yote inafanywa na udogo wa tumbo. Mwaka 1995 Walter Pories wa Greenville, North Carolina, aliripoti kwamba wengi wa wagonjwa wake wenye kisukari cha ukubwani walipata sukari ya kawaida baada ya mchepuo, na sukari hiyo ilianza kushuka ndani ya siku chache, kabla kilo hazijapungua. Udogo wa tumbo peke yake hauwezi kueleza yote hayo. Chakula kinapofika mapema sehemu ya chini ya utumbo, homoni za kushiba humwagika kwa wingi kuliko mwanzo, na ini na kongosho hupata nafuu. Mgonjwa anakula kidogo, na ubongo wake, tofauti na ule wa vijana wa Minnesota, haulii njaa vilevile. Kwa maneno mengine, boya limeshushwa.

Puto linalowekwa tumboni kwa mpira wa kamera, huduma inayotolewa pia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila, ni njia nyingine. Hakuna kinachokatwa, puto hukaa kwa miezi kadhaa kisha hutolewa. Anayelichagua ajue kwamba amepewa muda wa kujenga mazoea mapya, kwa sababu likitoka tumbo linabaki vilevile lilivyokuwa.

Je, faida inadumu? Sweden ilianza utafiti mwaka 1987 uliowafuata watu 2,010 waliopasuliwa na 2,037 waliotibiwa kwa njia za kawaida. Ripoti ya 2007 ilionyesha kwamba vifo vilikuwa vichache miongoni mwa waliopasuliwa. Waliofanyiwa mchepuo walipungua wastani wa asilimia 32 katika mwaka wa kwanza hadi wa pili, na baada ya miaka 10 walikuwa bado chini kwa asilimia 25. Hatari nayo ipo na isifichwe: utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2009 ulikuta watu 3 kati ya 1,000 walifariki ndani ya siku 30. Miongozo ya kimataifa ya 2022 inapendekeza upasuaji kwa mwenye kipimo cha 35 kwenda juu, na inaruhusu ufikiriwe kuanzia 30 kwa mwenye kisukari au magonjwa yanayofanana nacho.

Wiki za kwanza: kila sharti lina sababu yake

Mgonjwa hutoka hospitali na karatasi ya masharti. Masharti yasiyoeleweka huvunjwa mapema, kwa hiyo tuyaeleze.

Siku za mwanzo ni za maji na vimiminika vyepesi, kwa sababu mshono wa tumbo haujashikana vizuri na hautakiwi kusukumwa. Baadaye vinafuata maziwa, supu iliyochujwa na uji mwepesi usio na sukari kwa takriban wiki mbili. Kisha chakula kilichosagwa. Kisha laini kama yai, samaki asiye na miiba na maharage yaliyopondwa. Chakula cha kawaida hurudi kuanzia wiki ya sita au ya nane, kwa ratiba ya hospitali husika. Nyama choma ya kutafuna kwa nguvu husubiri zaidi, maana pande lisilotafunwa vizuri linaweza kukwama na kuleta maumivu makali.

Maji hunywewa kwa mafunda madogo mchana kutwa, yafikie angalau lita moja na nusu. Tumbo la mililita 100 halipokei bilauri nzima kwa mkupuo, na upungufu wa maji ni moja ya sababu kubwa za kurudishwa hospitalini. Lakini maji na chakula visikutane: subiri nusu saa baada ya kula. Maji juu ya chakula hujaza nafasi ndogo iliyopo au kukisukuma chakula kipite haraka kabla hujashiba.

Mgonjwa aanze kutembea siku ileile ya upasuaji au kesho yake. Damu iliyotulia miguuni baada ya upasuaji inaweza kuganda, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni huua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, ni dharura. Ni dharura pia mapigo ya moyo yakienda mbio mtu akiwa ametulia, homa ikipanda, au maumivu ya tumbo yakizidi na kupanda hadi begani, kwa sababu mshono unaweza kuwa unavuja. Dalili hizi zisisubiri asubuhi.

Mwenye kisukari asiendelee na dozi zake za zamani bila kuulizia. Sukari hushuka upesi, na insulini ya jana inaweza kumwangusha leo. Dawa za presha nazo huhitaji kupimwa upya.

Jambo jingine halijulikani kwa wengi. Anayetapika kwa siku nyingi mfululizo anapoteza vitamini B1, ambayo akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Akianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba au kuchanganyikiwa, ubongo wake uko hatarini. Apewe vitamini hiyo kwa sindano kabla ya kutundikiwa dripu ya sukari, kwani sukari hutumia kile kidogo kilichobaki.

Mwaka wa kwanza

Kilo zinaposhuka kwa kasi, mwili hauunguzi mafuta peke yake. Huchukua na misuli. Kinga yake ni protini na mazoezi. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6, bilauri mbili za maziwa kama 16, kipande cha samaki cha gramu 100 takriban 20, na kipande kidogo cha kuku 15 au zaidi: jumla inakaribia 60. Ndiyo maana sahani huanza na protini, kisha mboga, na ugali au wali huja mwisho kama nafasi ipo. Mazoezi ya kubeba uzito mwepesi au kuinuka na kukaa kitini huambia misuli kwamba bado inahitajika.

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele nyingi zinaweza kukatika. Mwili ulioshtuka hupumzisha vinyweleo, na vikiamka pamoja vinatupa unywele wa zamani. Kwa kawaida nywele huota tena, mradi protini, chuma na zinki vinatosha. Kupungua haraka pia huongeza mawe ya nyongo, kwa sababu kolesteroli inayotoka kwenye mafuta hujaa ndani ya nyongo. Baadhi ya madaktari hutoa dawa ya kuzuia kwa miezi ya mwanzo.

Aliyefanyiwa mchepuo akinywa soda au kula keki, sukari huteremka ghafla kwenye utumbo, ikavuta maji kutoka kwenye damu. Ndani ya nusu saa moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linamsokota. Saa moja hadi tatu baadaye insulini iliyomwagika kupita kiasi inaweza kuishusha sukari mpaka akatetemeka. Pombe nayo huingia damuni haraka na kupanda juu zaidi kuliko zamani, na hatari ya kuzoea ulevi huongezeka hasa baada ya mwaka wa pili. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa kila duka la dawa, pamoja na sigara, huchimba vidonda kwenye maungio ya mchepuo. Mweleze muuza dawa kwamba umefanyiwa upasuaji huu kabla hajakupa kidonge.

Kwa wanawake, mafuta yakipungua homoni za uzazi hujipanga, na waliokaa miaka bila kushika mimba wanaweza kushika kwa ghafla. Ushauri ni kusubiri miezi 12 hadi 18, ili mtoto asikue ndani ya mwili ulio katikati ya upungufu. Vidonge vya kuzuia mimba huenda visinyonywe vizuri baada ya mchepuo, hivyo njia nyingine kama kitanzi au kipandikizi ijadiliwe mapema.

Maisha yote

Vitamini B12 haiwezi kunyonywa vizuri bila protini maalumu inayotengenezwa tumboni. Tumbo likikatwa au likirukwa, protini hiyo hupungua. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, na hapo ndipo mtego ulipo: mtu anajisikia mzima, anaacha dawa, kisha mwaka wa tatu au wa nne miguu inaanza kufa ganzi. Chuma huhitaji asidi ya tumbo na sehemu ya mwanzo ya utumbo, zote mbili zimepunguzwa au kurukwa, kwa hiyo mwanamke anayepata hedhi hupungukiwa damu upesi. Chai ya rangi pamoja na mlo huzuia chuma zaidi, inywewe kando. Kalsiamu na chuma vikimezwa pamoja hugombania kunyonywa, ndiyo maana hutenganishwa kwa saa mbili. Vitamini D nayo isisahauliwe, la sivyo mifupa italipa. Vidonge hivi ni vya maisha yote, na vipimo vya damu ni vya kila mwaka, hata kama mtu anajisikia vizuri kabisa.

Karibu kila mtu hurudisha kilo chache baada ya mwaka wa pili. Tulisema seli za mafuta husinyaa bila kuondoka, na boya limeshushwa lakini halijang'olewa. Homoni hujirekebisha, tumbo hulegea kidogo, na vimiminika vyenye sukari hupita bila kuzuiwa na udogo wa tumbo. Kilo tatu zilizorudi zinatosha kumpeleka mtu kliniki. Akisubiri mpaka zifike ishirini kwa sababu ya aibu, kazi inakuwa ngumu mara nyingi zaidi, na aibu hiyo mara nyingi tumempandikizia sisi.

Nyumbani na mtaani

Katika jamii zetu mwili mnene uliwahi kusifiwa kuwa ni dalili ya neema, na huohuo huitwa bonge au tipwatipwa mtaani. Akianza kupungua, minong'ono hugeuka: ana ugonjwa gani? Anayepona anajikuta akijieleza kwa shangazi, kwa jirani na kwa wenzake kazini, huku akiwa mchovu na bado anajifunza sura yake kwenye kioo. Ngozi inayoning'inia inamsumbua. Chakula kilichokuwa faraja yake wakati wa huzuni hakimfai tena, na huzuni haikukatwa pamoja na tumbo. Ushauri wa kisaikolojia ni sehemu ya tiba hii, na anayezama kwenye huzuni nzito aonwe na mtaalamu bila kucheleweshwa.

Familia inaweza kusaidia kwa mambo madogo. Msimpakulie pilau sahani ya mlima kisha mkamlaumu kwamba amedharau mpishi. Mpeni dakika 30 za kula taratibu. Kwa Waislamu, mfungo wa Ramadhani usubiri ruhusa ya daktari, maana lita moja na nusu kwa mafunda madogo ni vigumu kuimaliza kati ya futari na daku.

Turudi kwa mama wetu wa kilo 115. Akipungua asilimia 30 atafika kilo 80 hivi, na kipimo chake kitakuwa 31. Jedwali bado litamwita mnene. Lakini huenda sukari yake imetulia kwa dozi ndogo au bila dawa, presha imeshuka, usiku anapumua bila kukatika, na ngazi za ofisi anazipanda. Hayo ndiyo matokeo ya kuyahesabu. Mwenye kumcheka kwa sababu hajawa mwembamba hajaelewa upasuaji huu ulikusudiwa nini.

Unene uliopitiliza ni ugonjwa wa muda mrefu, sawa na presha na kisukari. Hakuna anayemwambia mgonjwa wa presha kwamba akimeza dawa mwezi mmoja amepona na asirudi tena. Upasuaji hushusha kimo ambacho mwili unakitetea, kisha huacha kazi ya kulinda kimo hicho kwa mgonjwa, nyumba yake na wahudumu wake kwa miaka yote inayofuata. Kwa hiyo anayefikiria kupasuliwa aulize maswali mawili kabla ya kusaini: nani atanipima damu mwaka wa tano, na vidonge vyangu vitatoka wapi? Hospitali inayotoa kisu bila majibu ya maswali hayo imetoa nusu ya tiba.